Wenye nyembe za kukunja Mwanza: mkutane kunoa, msikutane kunyoana

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Buswelu. Marehemu babu aliniachia wembe wa kukunja ulioandikwa "Solingen, Germany", na tangu mwaka jana najifunza kunyoa nao kwa kuangalia video. Nyumbani wananishangaa na kinyozi wangu ananicheka. Ningependa kukutana ana kwa ana na wenzangu wanaotumia nyembe hizi hapa Mwanza, tubadilishane ujuzi, na ikiwezekana tunyoane ili mikono izoee. Nianzie wapi? Na tukutanie wapi bila watu kutuona wahuni?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pole kwa kuondokewa na babu, na hongera kwa kutouacha wembe wake uoze kabatini.

Nianze na neno ulilolipenyeza mwishoni kama jambo dogo: kunyoana. Hilo litoe kwenye mpango kabisa. Mkutane kunoa, na kunyoa kila mtu akafanyie kwake, mbele ya kioo chake. Sababu ni damu. Wembe wa kukunja hukwangua ngozi hata pale usipoona jeraha lolote, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili, juu ya chuma au meza, kwa siku 7 au zaidi. Watu hudhani kuufuta kwa spiriti kunamaliza kazi. Hakumalizi kwa uhakika wa kutosha kuuweka wembe huo kwenye shingo ya mtu mwingine. Kuupitisha motoni ni kuua ugumu wa chuma. Dawa ya klorini ingeweza kushughulika na virusi, lakini ukiuloweka humo wembe wa chuma cha kaboni utautoa umeshikwa na kutu. Vinyozi wengi wa siku hizi wana mshikio unaovishwa nusu ya wembe wa dukani, wananyoa mteja mmoja, wanautupa. Wako sahihi kabisa, na kinyozi wako akikataa kuugusa wembe wa babu kazini, usimwone mshamba.

Onyo hilohilo linaihusu ngozi ya kulainishia makali. Wengi hulisahau hili. Mtu anakuja na wembe wake safi, halafu wote watano wanaupitisha kwenye mkanda mmoja wa ngozi, ilhali ngozi haichemshwi wala haioshwi. Kila mtu aje na ngozi yake. Mawe ya kunolea mnaweza kushirikiana, mradi kila wembe umeoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabla ya kuguswa na jiwe, na jiwe linasuuzwa kati ya mtu na mtu. Aliyejikata siku hiyo, hata kidogo, anakaa pembeni anatazama. Na kama hujapata chanjo ya homa ya ini B, iulizie hospitali. Kwa mtu mzima kawaida ni dozi 3 ndani ya miezi 6, na mtu mwenye mapenzi na nyembe za kale anaihitaji kuliko jirani yake.

Sasa kwa nini nasema kunoa. Kunyoa, uso wako wenyewe unakufundisha. Ukikosea pembe, unasikia palepale. Ukikosea kunoa hujui chochote mpaka asubuhi ya pili yake, wembe unapovuta ndevu badala ya kuzikata, na hapo huwezi kujua kosa lilitokea kwenye jiwe gani. Video itakuonyesha mkono unavyokwenda, lakini haitakuonyesha uzito wa kidole juu ya chuma, wala haitakupa nafasi ya kusikia mlio wa jiwe unavyobadilika makali yanapokaa sawa. Mtu aliyekaa kushoto kwako anakushika mkono, anakwambia "punguza, punguza tena", na jambo ulilolihangaikia mwaka mzima linafunguka kabla chai haijapoa.

Wembe wa kukunja ulibuniwa kwa akili sana. Mgongo wake mnene unalala juu ya jiwe pamoja na makali, kwa hiyo pembe ya kunolea haitoki mkononi mwako, imo ndani ya wembe wenyewe. Pande mbili zikikutana zinafanya takriban nyuzi 16 hadi 18. Ndiyo maana hairuhusiwi kuinua mgongo hata kidogo. Kazi inayobaki ni mbili tu: kukandamiza kwa kiasi, na kujua lini uhame kutoka jiwe hili kwenda lile. Unaanza na jiwe la namba 1000 (namba ikipanda, chembe za jiwe ni ndogo zaidi) mpaka miteremko miwili ya makali ikutane katika urefu wote, kuanzia kisigino cha wembe hadi ncha. Halafu la 4000 au 5000, halafu 8000, na mwenye nacho anamalizia na 12000. Shida nyingi ninazoletewa zimeanzia hapo mwanzo: mtu alikuwa na haraka ya kufika jiwe laini, akaliacha la 1000 kabla miteremko haijakutana. Baada ya hapo hata jiwe la bei ya ng'ombe halimsaidii, anang'arisha tu chuma butu.

Hapo ndipo faida nyingine ya kukutana inapojitokeza, nayo ni ya mfukoni. Mawe mazuri ya namba hizo, mengi yakitoka Japani, huagizwa, na seti nzima ni mzigo kwa mshahara wa mwalimu. Mkiwa wanne, mmoja ananunua la 1000, wa pili la 5000, wa tatu la 8000, wa nne analeta kioo kinene cha mezani na karatasi ya msasa inayotumika na maji, ya kusawazishia mawe yanapobonyea. Karatasi hiyo, namba 1000 hadi 2000, inapatikana kwenye maduka yanayouzia wapaka rangi magari. Ukiilaza juu ya kioo inaweza hata kushika nafasi ya jiwe la kwanza kwa muda. Lile jiwe la pande mbili la duka la vifaa vya ujenzi liachieni mapanga na visu vya jikoni.

Utakutana pia na atakayesema, "Mji wetu umejaa miamba, mnaagiza mawe ya nini?" Mjibuni kwa upole. Miamba ya Mwanza ni itale, chembe zake ni kubwa na hazilingani, unaziona kwa macho. Jembe na shoka vinaweza kunolewa humo. Mawe asilia yaliyojenga jina kwa nyembe, kama yale ya manjano ya milima ya Ardennes huko Ubelgiji, yana chembe ndogo mno zisizoonekana bila hadubini.

Haya, watu. Ukizunguka ukimuulizia "mpenzi wa nyembe za kukunja" utarudi Buswelu mikono mitupu. Nyembe hizi zilianza kupotea mapema. King C. Gillette alianza kuuza wembe wake wa kubadilisha makali mwaka 1903, na katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Marekani likawagawia askari wake kwa mamilioni, wakarudi nao makwao. Waliobaki na ule wa zamani ni wachache kila mahali duniani. Kwa hiyo watafute watu wa makali kwanza, wembe utawafuata.

Wa kwanza ni wazee. Wastaafu wa meli na reli, makatekista, makarani wa zamani wa vyama vya ushirika vya pamba: watu wa rika lile walinyoa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na wengine wao walinyolewa na baba zao kwa nyembe kama wako. Mzee wa namna hii usimwendee na swali mkononi. Shikamoo, habari za nyumbani, mvua, mifugo, kisha ndipo uutoe wembe kwenye kitambaa na kusema umeachiwa na babu. Hutahitaji kuuliza la pili.

Wa pili ni mafundi seremala, hasa wale ambao bado wanatumia randa na patasi za mkono. Seremala anayenoa kisu cha randa mpaka kikatoa unyoya mwembamba wa mninga anajua karibu yote utakayoambiwa kuhusu wembe, isipokuwa kwamba mgongo usiinuke. Kisha masonara. Ukanda huu ni wa dhahabu na masonara hawakosekani mjini, na sonara ana vitu viwili unavyovitaka: lenzi ya kukuza mara 10, ambayo inaonyesha makali yaliyovunjika meno mahali ambapo jicho linaona mstari safi, na ile dawa ya kijani ya kung'arishia chuma. Nyingi kati ya hizo zina oksidi ya kromiamu, inayopakwa kidogo sana kwenye ngozi ya pembeni, si ile ya kila siku. Mwombe akuuzie kipande, na mwalike.

Wakata minofu wa viwanda vya sangara nao wanaishi na makali zamu nzima, ila mkono wao ni wa kisu: wamezoea chuma cha kunyooshea na nguvu ya kiwiko. Watafurahi kuja, muwape wembe wa mazoezi. Kuna kundi moja dogo ambalo hakuna anayelifikiria, nalo ni wastaafu wa maabara za patholojia. Zamani, kabla visu vya kutupa havijaenea, kisu cha mashine ya kukatia vipande vya nyama vya kupimia kilinolewa kwa mkono juu ya jiwe na kumaliziwa kwenye ngozi, kazi ileile kabisa. Ukimpata mmoja wa hao, mpe kiti cha mbele.

Mnoaji wa mtaani, yule wa jiwe la kuzungusha kwa baiskeli, mkaribishe kama mtu, lakini wembe wako asiuguse na jiwe lile. Makali ya wembe ni membamba kuliko karatasi. Jiwe kavu linalozunguka linayapasha moto kwa sekunde chache, chuma kinageuka rangi ya kahawia, kisha buluu, na ukiiona buluu ujue ugumu wa sehemu hiyo umeondoka na hautarudi mpaka uusage wembe hadi kufikia chuma kizima. Nyembe nyingi nzuri za kale zimekufa hivyo.

Vinyozi je? Yule anayekucheka usimkate jina. Nenda siku ambayo hana watu, nyoa, lipa, kisha zungumza. Usimwendee Jumamosi jioni foleni ikiwa imefika mlangoni. Mwambie hutaki atumie wembe wako kwa wateja, unataka kona ya saluni yake kwa saa mbili, na mtamlipa. Hapo atasikiliza.

Maana kuhusu mahali, saluni ya kiume yenye dirisha kubwa ndiyo jibu langu la kwanza, la pili na la tatu. Ina maji, ina vioo, ina meza, na mtu akipita nje akaona wanaume watano wenye nyembe ndani ya saluni hana la kuuliza. Watano haohao, nyembe zilezile, chini ya mti pale Capri Point, ni habari nyingine kabisa. Najua mtatamani mandhari ya ziwa. Kwenye kikundi lazima atokee mmoja wa kusema twende Malaika au kwenye fukwe za Ilemela, tunoe huku tunapunga upepo. Mkatalieni. Punje moja ya mchanga ikipeperushwa juu ya jiwe la 8000 inachimba makali mazima kwa mpito mmoja, na kazi ya saa nzima inarudi mwanzo. Baa nayo sitaki kuisikia. Bia na nyembe wazi havikai meza moja, hata kama anayekunywa ni mmoja tu na ameahidi kutogusa kitu.

Nyumbani kwa mtu kunafaa baadaye, mkishazoeana. Mara ya kwanza mnakutana na watu msiowajua, kila mmoja ana chuma chenye makali mfukoni. Mahali pa wazi, mchana, na mtu wa nyumbani kwako ajue uko wapi. Jumapili saa nane mchana inafaa kwa mji wetu: waliokwenda ibadani wamerudi na kula, wateja wa asubuhi wamepungua, na mwanga wa jua bado unaingia dirishani. Mwanga wa taa ya juu hauonyeshi makali vizuri. Unataka mwanga wa ubavuni, unaouona unatambaa juu ya jiwe.

Watu wanne au watano wanatosha. Wakifika wanane, watatu watanoa na watano watapiga soga za mpira, na hapo ndipo mtu anaweka wembe wazi ukingoni mwa meza na mwingine anauegemea. Weka sharti moja mapema: wembe usiokuwa mkononi umekunjwa. Wembe unaoanguka hauokolewi, unaachwa uanguke. Mtu anayenoa haongeleshwi wala hapigwi begani. Pawe na plasta na kipande cha shabu cha kusimamisha damu, na kila mwenye kuhitaji akate kipande chake.

Kama mna hamu ya kuona mkono wa mtu unavyonyoa, kuna mchezo wa zamani wa wanafunzi wa kinyozi: mnapuliza puto, mnalipaka povu la sabuni, mnalinyoa. Anayeweza kulisafisha bila kulipasua, mkono wake mwepesi. Mtacheka sana na hakuna atakayetoka damu. Anayetaka kuonyesha zaidi ajinyoe uso wake mwenyewe kwa wembe wake mwenyewe, wengine watazame.

Na hapo kwenye kutazama nikuonye juu ya majigambo. Kila kikao cha wanaume na nyembe kina mtu mmoja atakayejisifu kwamba yeye ananyoa kinyume cha ndevu mara tatu mpaka shavu linateleza. Mwache. Ndevu zetu zimejikunja. Ukizikata chini ya usawa wa ngozi, ncha inajipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani, ndiyo vile vipele vya shingoni vinavyogeuka madoa meusi. Nyoa kufuata ndevu zilivyolala, mara moja au mbili, usiivute ngozi sana, na ridhika na kubakiza kivuli kidogo. Faida kubwa ya wembe wa kukunja kwa watu wa ndevu kama zetu ni hiyo hasa: ni makali mamoja, na unaamua mwenyewe uishie wapi.

Ngozi ya kulainishia msiiagize. Fundi viatu mzuri atakukatia mkanda wa ngozi ya ng'ombe isiyopakwa rangi nzito, upana wa sentimita 6 hivi na urefu wa 45 hadi 50, upande laini ndio wa kazi. Nyuma yake shonesha kitambaa kizito, turubai au jinzi safi. Kitambaa kwanza, ngozi baadaye, wembe ukitangulia na mgongo, ukigeuzwa juu ya mgongo kila ukifika mwisho, kwenda na kurudi mara 50 hivi kabla ya kunyoa. Geuza vibaya mara moja, ukaugeuza juu ya makali, na utakuwa na mkanda uliokatika. Mletee fundi viatu nyembe azione, naye ni mtu wa makali. Kisu chake cha kukatia soli si cha mchezo.

Nyembe za kale zikianza kuletwa mezani, na zitaletwa, kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kushangilia. La kwanza ni mpini. Mipini ya zamani yenye sura ya kobe au pembe mara nyingi ni seluloidi, plastiki ya awali kabisa, ambayo ikizeeka huoza na kutoa hewa yenye asidi. Unaujua kwa kutu iliyokula wembe pale tu unapofunikwa na mpini, huku kwingine kote chuma ni safi. Huo msiuhifadhi sanduku moja na nyembe nyingine, na msiukaribishe karibu na moto, unawaka haraka mno. La pili ni zito zaidi. Mipini mingine ya kale ni pembe ya ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku kwa makubaliano ya mwaka 1989, na hapa kwetu kukutwa na nyara za Serikali bila kibali ni kesi ambayo hakuna babu anayeweza kukutetea. Mpini mweupe wenye mistari myembamba inayopishana kama wavu kwenye ncha, usiununue, usiuuze, usiusafirishe. Anayeumiliki aende ofisi ya wanyamapori akaulize taratibu yeye mwenyewe. Kikundi kisiguse.

La tatu ni historia ya wembe wenyewe. Wembe umefanya mengi katika jamii zetu zaidi ya kidevu: chale, tohara, kunyoa vichwa baada ya matanga. Muulize anayeuleta ulitumika kwa nini. Akisitasita, au akisema ni wa mganga fulani, mrudishie kwa heshima.

Wembe wako wa Solingen watu watakutungia hadithi, wakisema uliachwa na Wajerumani wa Bismarck. Inawezekana, lakini maandishi hayo hayathibitishi. Waingereza waliuteka mji wa Mwanza Julai 1916, na Solingen iliendelea kuuza nyembe duniani kote miongo mingi baada ya hapo. Neno "Germany" lenyewe linakwambia jambo moja tu la hakika kiasi: wembe huo yumkini ulitengenezwa baada ya sheria za Uingereza ya 1887 na Marekani ya 1890 kuwalazimisha watengenezaji wa nje kuandika nchi bidhaa ilikotoka. Jina la Solingen nalo linalindwa kisheria Ujerumani tangu 1938, kwa hiyo halipaswi kupigwa muhuri kwenye chuma cha mahali pengine. Nyembe za mapambo zenye mawimbi ya chuma na maua kwenye mpini, hizo mziangalie kwa shaka. Nyingi zina umbo la wembe bila kazi ya wembe. Na kwenye kikao cha kwanza msiuziane chochote. Biashara ikiingia mapema, mwenye kujua zaidi anaanza kunyamaza.

Watu wa nje ya mji wasikose. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ghuba, lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema au Geita anaweza kuja na kurudi siku hiyohiyo bila kusubiri kivuko. Wembe usafiri umekunjwa, umefungwa kwa uzi au mpira, ndani ya kisanduku, chini kabisa ya begi. Usiutie mfuko wa shati wala wa suruali. Anayekuja kwa ndege auweke kwenye mzigo unaokaguliwa, ukienda nao kabini utanyang'anywa. Mlinzi wa geti akiuona, usiufungue kumwonyesha. Mwambie ni wembe wa kunyolea, mwache aufungue yeye akitaka. Akikurudisha, rudi. Baada ya kikao usiurudishe kwenye kisanduku ukiwa na unyevu. Hewa ya ziwa haina huruma na chuma cha kaboni. Ufute, uache mpini wazi robo saa, upake tone la mafuta ya cherehani.

Kwa kuanza, ongea na kinyozi wiki hii, bandika karatasi moja mlangoni pake na nyingine kwa fundi viatu: siku, saa, na maneno "tunanoa nyembe za kukunja, njoo na wako, hakuna kiingilio". Namba ya simu weka ya saluni kwa makubaliano na mwenyewe, si yako, mpaka uwajue watu. Ikifika saa nane Jumapili na hakuna aliyetokea, usifunge virago. Tandika kitambaa mezani, loweka jiwe la 1000 na uanze kazi. Wateja wanaosubiri zamu watasogeza viti.